Mwanga kwenye Upanga wa Sentimita Mbili

Upanga ninaouzungumzia hapa una urefu wa sentimita mbili na upana usiofika milimita tatu. Umeshikwa na kisanamu cha plastiki chenye kimo cha milimita 28 kutoka unyayoni hadi machoni, kipimo kilichozoeleka katika michezo ya vita vya mezani, na kwa ajili yake na panga nyingine tatu zilizoutangulia nimekesha mara nyingi kuliko nilivyowahi kukesha kwa kazi yoyote ya mikono. Nilikuwa nataka jambo moja tu: mtu akiutazama aone chuma kinachong'aa, ilhali hakuna chembe ya chuma wala ya rangi yenye metali iliyopakwa juu yake.

Ninaishi Nottingham, Uingereza, na anayeishi hapa si rahisi kuikwepa shughuli hii, kwa kuwa mji huu ndio makao makuu ya Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo visanamu vyake vimewafanya watu wengi wazima washike brashi. Mfanyakazi mwenzangu alinipa boksi la askari kumi ambao hakuwa na muda nao, nami nikaanza kuwapaka rangi usiku ili kupumzisha akili baada ya zamu. Shindano kubwa la wachoraji wa visanamu vya kampuni hiyo, Golden Demon, lilianza mwaka 1987, na mshindi wa jumla hukabidhiwa upanga halisi unaoshikwa kwa mikono miwili. Yaani mtu huhangaika miaka na vipanga vya sentimita mbili ili siku moja apewe mkubwa. Mimi sijalikaribia shindano hilo. Ila ni vigumu kuutazama upanga huo wa zawadi bila kuutazama tena wa kwako.

Kuna njia mbili za kupaka chuma kwenye kisanamu. Njia ya kwanza ni kununua rangi ya fedha au ya dhahabu, ambayo ndani yake mna vipande vidogo mno vya mika au vya aluminiamu, ukaipaka ikang'aa yenyewe. Njia ya pili ni kutumia rangi za kawaida zisizong'aa kabisa, nyeusi, buluu, kijivu na nyeupe, ukauchora mng'ao wenyewe kama mchoraji anavyouchora kwenye turubai. Wenyewe huiita njia hii kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya metali isiyo na metali, jina la kuchekesha kidogo lakini la kweli.

Nilianza na rangi ya fedha, na sina ugomvi nayo. Tatizo lake ni kwamba inang'aa kwa mwanga wa chumba chako, si kwa mwanga wa dunia ya yule askari. Ukikigeuza kisanamu, mng'ao unahama. Ukikiweka chini ya taa ya dari, upanga wote unameta kwa pamoja kama karatasi ya chokoleti, na ukikisogeza kwenye rafu yenye kivuli, unakuwa wa kijivu kabisa. Mwanazuoni wa Kiitaliano Leon Battista Alberti alikwisha kulalamikia jambo hilihili mwaka 1435 katika maandishi yake juu ya uchoraji, pale alipowalaumu wachoraji waliobandika dhahabu halisi kwenye picha wakidhani wanaipa kazi yao hadhi. Aliona kwamba dhahabu kwenye ubao bapa hufanya sehemu zilizopaswa kung'aa zionekane na giza, na zile zilizopaswa kuwa na giza ndizo zing'ae, na kwamba anayestahili sifa zaidi ni yule anayeiga miale ya dhahabu kwa rangi tu. Nilipokutana na hoja hiyo nilifurahi, kisha nikajuta kuifurahia, kwa sababu ilinisukuma kwenye njia ya pili nikiwa sijui hata kuisafisha brashi ipasavyo.

Upanga wangu wa kwanza wa njia hiyo niliupaka kwa dakika ishirini. Nilidhani chuma ni cha kijivu, kwa hiyo nikaweka kijivu, nikaongeza kijivu cheupe zaidi katikati na nyeupe kidogo kwenye ncha. Matokeo yake yalikuwa kijiti kilichotolewa jivuni. Nikaamua kwamba kosa lilikuwa katika mpito wa rangi, yaani giza halikuwa linayeyuka polepole vya kutosha kuelekea kwenye mwanga, nikatumia karibu miezi mitatu nikijifunza kulainisha mpito huo. Ninaitaja miezi hiyo mitatu kwa uchungu, kwa sababu nililainisha kitu ambacho hakikuwapo. Kijivu kilichoyeyuka vizuri ndani ya kijivu kingine bado ni jivu.

Upanga wa pili niliufanya kwa kuiga. Niliona katika picha za wengine kwamba ubapa una sehemu za mwanga na za giza zinazopishana, nikapisha: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha. Niliupeleka kwenye shindano dogo la klabu moja, na mzee mmoja aliyekuwa akikagua kazi akauinua karibu na miwani yake, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama hiyo ilikuwa ngozi ya punda milia. Hakuwa ananidhihaki, alikuwa anauliza kweli.

Nilichokosa kukielewa katika panga zote mbili ni jambo ambalo kila mtoto aliyewahi kucheza na kioo juani analijua. Chuma kilichosuguliwa hakina rangi yake ya kuonyesha. Kinaonyesha kile kinachokitazama. Mwale wa mwanga hufika kwenye uso laini na kuondoka kwa pembe ileile uliyojia, upande wa pili, kwa hiyo sehemu ya upanga inayoonekana nyeupe si sehemu iliyo karibu na taa, bali ni ile iliyoinama kwa namna inayoipeleka taa hiyo machoni pako. Udongo, kitambaa na ngozi havifanyi hivyo; hivyo huutawanya mwanga kila upande, na ndiyo maana ukimpaka askari uso unaweza kuweka mwanga juu ya paji la uso na kivuli chini ya kidevu, ukapata uso. Ukiufanyia upanga vivyo hivyo, unapata upanga wa udongo.

Nililiona hilo jikoni. Nilichukua kisu kirefu cha jikoni, nikasimama nacho karibu na dirisha jioni moja ya Januari, nikaanza kukigeuza polepole. Ubapa uliokuwa mweusi kama lami ulikuwa, kwa kuinamishwa kidogo tu, unawaka wote kwa weupe wa dirisha, na mpaka kati ya weusi na weupe ule haukuwa na mpito wowote wa kulainisha. Ulikuwa mkali kama mstari wa rula. Pale dirisha lilipoishia ndani ya ubapa, ndipo ukuta wa jikoni ulipoanzia, na chini ya ukuta kulikuwa na utepe wa rangi ya chungwa ambao niliutafuta chumba kizima kabla sijatambua kwamba ni kikapu cha nguo za watoto. Nilikaa na kisu hicho siku nne. Siku ya tano nikasikia kutoka jikoni, "Baba Salma, hivi vitunguu nikate kwa brashi?"

Panga nyingi za visanamu hazina ubapa mmoja kila upande, bali zina mgongo katikati, na kutoka kwenye mgongo huo nyuso mbili zinateremka hadi kwenye makali ya kushoto na ya kulia. Nyuso hizo mbili zinatazama pande tofauti. Ikiwa askari ameuinua upanga kwa ulalo, uso mmoja unatazama angani na mwingine unatazama chini, na kwa hiyo pale ambapo mmoja una mwanga, mwenzake kando ya mgongo hana budi kuwa na giza. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya ule upishanaji niliouiga bila kuuelewa: kinachoufanya upanga uonekane na umbo ni giza na mwanga kukutana ana kwa ana kwenye mstari wa mgongo, si mistari inayokatiza upana mzima kama pundamilia wangu alivyokuwa. Nilipolielewa hilo, nilichora upanga kwa penseli kwenye karatasi kwa dakika mbili, bila ustadi wowote, na ulionekana chuma kuliko vyote viwili nilivyokwisha kuvifanya.

Lakini kuna uongo hapa, na ningependa kuusema wazi kwa sababu walimu wengi huupita kimyakimya. Uso ulio bapa kabisa na unaotazama anga tupu ungeonyesha anga hiyo tu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kupanda na kushuka kokote. Wachoraji hata hivyo huuanza uso huo na giza penye mpini, wakaupeleka kwenye mwanga katikati, wakaurudisha gizani, na kuuwasha tena kwenye ncha. Mtu anaweza kujitetea kwamba upanga wa kweli uliofuliwa na mhunzi huwa na mawimbi madogo na unaelekea kuwa mwembamba kwenye ncha, kwa hiyo hautazami mahali pamoja pote, na utetezi huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo sababu halisi ni kwamba jicho la mtazamaji linautambua mng'ao kwa kuona mabadiliko, na katika sentimita mbili yasipokuwapo mabadiliko litaona rangi ya kijivu tu. Mimi nimeukubali uongo huu kwa masharti: sehemu ya mwanga mkuu iwe mahali ambapo fizikia ingeiweka, na nyingine iwe ndogo na hafifu kuliko hiyo.

Uongo wa pili ndio unaonisumbua zaidi. Kila mwongozo utakuambia umalizie kwa kuvuta mstari mweupe mwembamba sana kwenye makali yote, kutoka mpini hadi ncha. Mimi nilikulia Tanga, na mtaani kwetu alikuwa akipita mnoa visu mwenye baiskeli, ambaye aliinua gurudumu la nyuma, akakanyaga pedeli na kulizungusha jiwe lake la kunolea. Alipomaliza kunoa hakuyajaribu makali kwa kidole. Alikielekeza kisu juani, makali yakiwa yamemtazama yeye, akachungulia. Akiona mstari mweupe alikirudisha jiweni, kwa sababu makali yaliyonolewa sawasawa ni membamba mno kiasi kwamba hayana uso wa kurudisha mwanga, na penye kumeta ndipo palipo butu. Kwa hesabu ya mnoa visu yule, panga zote zinazoshinda mashindano haya haziwezi kukata hata ugali. Ninauvuta mstari huo mweupe hata hivyo, kwa kuwa bila huo jicho halijui upanga unaishia wapi, lakini sasa ninaukatisha katikati mara moja au mbili, na ninajiambia kwamba hapo ndipo ulipo mkali.

Kwa upanga wa tatu nilijifunza hila ambayo ingeniokolea miezi yote ile kama ningeijua mapema. Unakipaka kisanamu kizima rangi nyeusi, kisha unakipaka vanishi ya kung'aa sana, hadi kinakuwa kama kimelowa mafuta. Unakiweka chini ya taa moja, mahali pale unapotaka jua la dunia yake liwe, unazima taa nyingine zote na kukipiga picha kwa simu kutoka upande ambao mtazamaji atakitazama. Kila kimeta cheupe unachokiona kwenye picha ndipo mahali pa mwanga, na hakuna haja ya kubishana wala kukisia. Picha hiyo unaiweka mezani muda wote wa kazi. Kisha unapaka juu yake rangi ya msingi isiyong'aa ili rangi zishike, na unaanza.

Jambo la pili ambalo simu ilinifundisha lilikuwa la aibu. Niliipiga picha kazi yangu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, nikailinganisha na picha ya kisu changu cha jikoni iliyogeuzwa vilevile. Katika picha ya kisu kulikuwa na weusi wa kweli na weupe wa kweli, na kijivu kilikuwa kidogo. Katika picha ya upanga wangu kijivu kilichukua karibu ubapa wote, nyeupe ilikuwa nukta, na nyeusi haikuwapo kabisa, kwa sababu kila nilipoikaribia niliogopa kuharibu. Woga huo nadhani ni wa kila anayeanza: giza linaonekana kama uchafu juu ya kazi. Lakini nyeupe ya rangi haiwezi kung'aa kuliko karatasi nyeupe, na haitoi mwanga wowote. Inachoweza kufanya ni kuonekana inawaka kwa kuwekwa jirani na giza nene. Niliongeza giza hadi nikafikiri nimeuharibu upanga, kisha nikaongeza kidogo tena, na hapo ndipo ulipoanza kumeta.

Kuhusu kazi ya mikono yenyewe sitasema mengi, maana hujifunzwa kwa kurudia. Giza langu silitoi kwenye chupa ya rangi nyeusi, bali nachanganya buluu nzito na nyeusi kidogo, kwani weusi mtupu huonekana kama shimo kwenye upanga badala ya kivuli. Kijivu cha katikati nakiegemeza kwenye buluu pia. Nyeupe ya chupa ina tabia ya kukauka kama chokaa, kwa hiyo karibu mwanga wote naufanya kwa rangi ya pembe ya ndovu, nikiihifadhi nyeupe halisi kwa nukta tatu au nne tu, ambapo taa yenyewe inaonekana. Rangi za akriliki hukauka kwa dakika chache, na chini ya taa ya mezani hukauka haraka zaidi, kwa hiyo nimejitengenezea paleti yenye unyevu: kikopo cha plastiki chenye mfuniko, sifongo iliyoloweshwa ndani yake, na juu ya sifongo karatasi ya kuokea keki. Rangi iliyowekwa juu ya karatasi hiyo hukaa mbichi hadi kesho yake.

Brashi ndogo kuliko zote ndiyo niliyoinunua kwanza, nikidhani kazi ndogo hutaka brashi ndogo. Ni kosa. Brashi yenye nywele tano haibebi rangi ya kutosha, na tone lake hukauka njiani kati ya paleti na upanga. Inayofaa ni namba moja yenye tumbo la kushika maji na ncha kali, na kwa hiyo nilitoa fedha niliyoona uchungu kuitoa, nikanunua ya manyoya ya kolinsky, ambaye ni chororo wa Siberia, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Rangi naizimua kwa maji hadi inapita kama chai ya maziwa, naifuta brashi kwenye kitambaa, kisha navuta tabaka jembamba sana. Mkono unapoinuka mwishoni mwa mvuto, hapo ndipo rangi nyingi inapobaki, kwa hiyo rangi ya mwanga huvutwa kuelekea kwenye mwanga, na rangi ya giza huvutwa kuelekea gizani. Sentensi hiyo moja ilinigharimu wiki sita.

Sasa nirudi kwenye upanga wa nne, ule niliouanzia maelezo haya. Ulikuwa na giza lake, mgongo wake ulikuwa umenyooka, makali yake yalikuwa yamekatishwa mahali pawili, na ulikuwa chuma. Lakini haukuwa chuma cha yule askari. Ulionekana kama umetolewa kwenye kisanamu kingine na kugundishwa mkononi mwake, na sikujua kwa nini, hadi nilipokuwa nikitazama picha ya mchoraji Jan van Eyck aliyoimaliza mwaka 1436, ambayo sasa ipo katika jumba la makumbusho la Groeninge mjini Bruges, Ubelgiji. Ndani yake Mtakatifu George amesimama amevaa silaha za chuma mbele ya Bikira Maria mwenye vazi pana jekundu, na ukiikuza picha hiyo unaona kwamba wekundu wa vazi umeingia kwenye chuma. Kofia yake inamwona aliye mbele yake. Askari wangu naye ana joho jekundu linalopepea nyuma ya mkono wenye upanga, na upanga wangu ulikuwa haulioni. Ulikuwa unaona anga ya buluu tu, pande zote, kana kwamba mwenye upanga hayupo.

Nilizimua wekundu ule ule wa joho hadi ukawa maji yenye haya kidogo usoni, nikapitisha tabaka mbili kwenye uso wa chini wa ubapa, karibu na mpini, mahali ambapo joho lingeonekana. Kwenye giza niliacha uonekane zaidi, kwenye mwanga nikaufuta kwa kidole kabla haujakauka. Ilichukua dakika tatu, baada ya saa sita za kazi zilizogawanyika katika usiku tatu, na ndizo dakika tatu zilizouunganisha upanga na mkono. Salma, ambaye ana miaka minane na haoni umuhimu wowote wa shughuli hii, alipita mezani asubuhi akaugusa kwa kidole, akaniuliza kama nimebandika bati.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuufanya upanga utoe mwanga wake wenyewe, wa kijani au wa buluu, ukiangaza kifua na mashavu ya mwenye kuushika. Nimejaribu mara moja. Sheria zake ni tofauti, kwa kuwa hapo upanga hauakisi kitu, wenyewe ndio taa, na kila kilicho jirani nao hakina budi kuwa na giza kuliko wenyewe. Kwangu ulitokea kama askari amemwagikiwa na rangi, nami nimeuweka kando hadi hapo baadaye.

Kilichoko mezani sasa ni mpanda farasi aliyeshika jambia lililopinda. Ubapa uliopinda hauna uso mmoja unaotazama upande mmoja, kwa hiyo anga, upeo wa macho na mchanga vyote vitaingia ndani yake, vikiwa vimebanwa katika urefu wa punje ya mpunga, na farasi wake ni mweupe. Nimekwisha kumpaka rangi nyeusi na vanishi. Taa iko upande wake wa kushoto, juu kidogo ya kichwa, na simu inachajiwa.